Vitasa vya Shaba

Sehemu ya Saba

Mwizi alikuwa mama yake mzazi.

Ndiyo, msomaji, macho yako hayajakudanganya. Juma lililopita tulimwacha Kitasa mlangoni pa stoo, mchana wa jua kali, vibarua wote wameenda kula, naye amejiapiza kwamba leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo: mtu anayeng'oa vitu vya asili katika majengo yale atamkamata kwa mikono yake mwenyewe. Akasukuma mlango. Na aliyekuwa amepiga magoti sakafuni, bisibisi mkononi, akifungua kitasa cha shaba kwenye mlango uliong'arishwa jana yake, alikuwa mwanamke aliyembeba tumboni.

"Funga mlango, mwanangu," mama akasema bila kuinua kichwa. "Vumbi linaingia."

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, mambo ni haya. Kitasa ni afisa wa Bodi ya Majengo ya Kale. Jina hilo alipewa na watoto wenzake, kwa sababu ukimpa siri imefungwa. Kazi yake ni kuhakikisha yale majengo manne ya matofali mekundu, waliyojengewa wafanyakazi wa reli enzi za babu zetu, yanakarabatiwa bila kupoteza vitu vyake vya mwanzo: milango ya mbao ngumu, vitasa vya shaba, vioo vya rangi juu ya milango, vigae vya nyota sakafuni. Yeye mwenyewe alizaliwa jengo la nne. Mama yake bado anaishi humo. Na mkandarasi wa kazi yote, ambaye kila mtu anamwita Injinia, ndiye aliyemposa Kitasa.

Haya, turudi stoo.

Kitasa hakufunga mlango.

"Mama, ni wewe?"

"Ulitaka awe nani?"

"Wiki zote hizi? Nimemsimamisha kazi mlinzi wa watu kwa wizi huu! Mzee mzima alilia mbele yangu!"

"Najua. Nimekuwa nikimpelekea chakula."

Skrubu ya mwisho ikaachia. Mama akakipokea kitasa kwa kiganja, akakitia ndani ya kikapu chake, chini ya vitunguu.

"Umeingiaje humu? Ufunguo ninao mimi."

"Ufunguo!" Mama akaguna. "Hiki kilikuwa chumba cha kufulia. Nepi zako nimezifulia humu. Dirisha lile halijawahi kufunga tangu hujazaliwa."

Kitasa akaufunga mlango kwa mgongo wake. "Kwa nini, mama?"

Mama akajivuta akakalia ndoo ya rangi. Magoti yakalia kama bawaba kavu.

"Mwezi uliopita alikuja mwanamke nyumbani kwangu, na utepe wa kupimia. Nikajua ni mtu wenu wa Bodi. Nikampa kiti, nikamchemshia chai. Akapima dirisha la sebuleni, akapima la chumbani. Nikamuuliza, mapazia ya wapangaji wote yatafanana? Akacheka. Akaniambia, 'Mama, hiki kitakuwa chumba changu cha kulala. Ukuta huu tutauvunja. Ila vitasa hivi! Vitasa ndivyo vilivyonifanya ninunue.'"

"Alisema ninunue?"

"Akakishika kitasa cha mlango wa chumba alichofia baba yako. Akakipapasa kama mtu anavyompapasa ng'ombe mnadani." Mama akatikisa kichwa. "Nilikuwa nimempa chai, Kitasa. Kwenye kikombe kizuri."

"Mama, haiwezekani. Injinia ameahidi mbele ya watu. Kila mpangaji atarudi kwenye nyumba yake. Ungeniambia mimi, ningemuuliza."

"Nikwambie wewe?" Sasa mama aliinua macho, na macho yale hayakuwa na masihara. "Nilipokwambia mkono wangu una baridi yabisi, kitasa cha chooni hakigeuki, nibadilishie niweke cha kawaida, ulinijibuje?"

Kitasa akatazama sakafu.

"Ulinijibu kwamba kitasa kile kina umri mkubwa kuliko mimi, tukiheshimu. Nikakiheshimu. Nikawa naoga mlango wazi, mtu mzima mimi. Sasa hao wanaotaka vitasa wavikose. Wakivikosa, hawatazitaka nyumba. Hiyo ndiyo hesabu yetu sisi akina mama wa jengo la nne, na wala hatukwenda kuisomea."

Kitasa hakupata nafasi ya kujibu. Nje, kokoto zililia chini ya viatu.

"Kitasa? Mpenzi, uko humo?"

Injinia!

Mama, kwa wepesi ambao magoti yale hayakuwa nao dakika moja nyuma, akajipenyeza kati ya ukuta na milango iliyoegemezwa. Kikapu kikamfuata. Mlango wa stoo ukafunguka.

Injinia aliingia na shati lililopigwa pasi na kofia ngumu nyeupe isiyo na hata mkwaruzo.

"Nakutafuta kama shilingi ya chooni. Mwenyekiti wako wa Bodi yuko njiani. Anakuja na askari."

"Leo? Ukaguzi si mwezi ujao?"

"Nimemwita mimi. Wezi nimewajua."

"Ni akina nani?"

"Akina mama wa jengo la nne. Asubuhi wanakuamkua na meno yote nje, mchana vibarua wakienda kula, wanapita na bisibisi." Akamshika bega. "Usinitazame hivyo. Kwetu ni neema. Mpangaji atakayeharibu kitu cha asili anapoteza haki ya kurudi. Hilo sharti si lako? Si uliliandika kwa mkono wako?"

"Niliandika ili wavitunze!"

"Na umeliandika vizuri. Halina hata tundu la sindano."

Kitasa akaliondoa bega lake polepole. Akauliza swali ambalo ulimi haukutaka kulibeba.

"Kuna mwanamke alipita kupima madirisha. Ni nani?"

Injinia hakupepesa jicho. "Kumbe habari zimefika."

"Nyumba umeziuza?"

"Ulidhani yote haya ni kwa ajili ya nani, mpenzi? Kila kitasa ulichosugua, kila kioo ulichounganisha, umeipandisha nyumba daraja. Sasa nyumba ya daraja hilo, unampa mtu anayeanika nguo kwenye reli ya ngazi? Wewe ndiye uliyezifanya ziwe nzuri kuliko watu wake. Mimi nimefuata tu."

"Mama yangu anaishi humo."

"Mama yako ni mama mkwe wangu. Hatalala nje. Tutamjengea chumba uani kwetu, karibu na tangi la maji."

Nyuma ya milango kitu kikadondoka, kikabingiria. Kilikuwa kitunguu. Kikatoka mpaka katikati ya chumba, kikasimama mbele ya kiatu cha Injinia.

"Ni nini hiyo?"

"Panya," Kitasa akasema.

Injinia alikitazama kitunguu. Akaitazama milango, kwa muda mrefu, kuanzia juu mpaka chini, mpaka pale kidole gumba cha mguu wa mtu kilipokuwa kimechungulia. Akatabasamu.

"Basi waambie panya wako wavae vizuri. Wanaitwa uwanjani sasa hivi."

Akatoka, akiimba kwa pua.

Mama alijitoa ukutani, vumbi la mbao limemjaa nywele. Hakulia, hakutukana.

"Chumba uani," akasema. "Kama mbuzi."

Kitasa alikuwa ameshamshika mikono yote miwili. "Mama, nisikilize. Muda upo. Mlivyovichukua viko wapi? Tuvirudishe kabla Mwenyekiti hajafika. Vikionekana, hakuna wizi. Viko chini ya vitanda?"

"Havirudi."

"Viko wapi, mama?"

"Ule mtaro wa msingi wa banda la pampu, kule nyuma ya jengo la kwanza. Tulikuwa tunavitupa humo, tunafunika mchanga. Juzi huyo mchumba wako akaleta mashine akamwaga zege."

Kitasa akaketi sakafuni. Aliketi kama mtoto, miguu mbele.

Msomaji, kama hujawahi kukipenda kitu kisicho na roho, utamcheka. Lakini yeye alivijua vitasa vile kimoja kimoja. Alivitoa tabaka za rangi kwa kisu kidogo, jioni baada ya jioni, mpaka shaba ikaona jua.

"Kile cha jengo la pili, ghorofa ya juu," akauliza. "Kilicholika upande mmoja kwa sababu mwenyewe alitumia mkono wa kushoto maisha yake yote. Kile pia?"

"Kile pia. Mama Pacha alilia alipokitupa."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nashikilia taa."

Honi ikalia getini. Mwenyekiti amefika.

Uwanja ule, ambao watoto wa reli walichezea mpira vizazi na vizazi, ulikuwa umejaa. Upande mmoja wapangaji wa majengo matatu ya mwanzo, waliohamishiwa mabanda ya bati wakisubiri nyumba zao. Upande mwingine akina mama wa jengo la nne, wamesimama wameshikana mikono, Mama Pacha mbele yao, mdomo unamcheza. Katikati, askari wawili na Mwenyekiti wa Bodi.

Mwenyekiti alikuwa bibi mwenye mkongojo na masikio makali. Ndiye aliyemfundisha Kitasa kazi. Ndiye aliyemwambia, siku ya kwanza, kwamba jengo la kale ni kama mgonjwa: usimvue nguo kama hujui kumvisha.

Alikuwa amepita jengo la kwanza na la pili. Ameona mashimo kwenye milango. Uso wake ulikuwa mgumu kama kokwa.

"Nimepita ndani," akasema. "Nimeona nyumba zimeng'olewa macho. Sina haja ya hotuba. Nani amefanya?"

Akina mama wakatazamana.

Injinia akasogea hatua moja. "Mwenyekiti, kwa heshima, naomba niwasaidie kukumbuka. Mama Pacha, wewe jana mchana ulikuwa wapi?"

Mama Pacha akarudi nyuma hatua moja. Askari mmoja akafungua kifungo cha mfuko wa pingu. Mtoto akalia mahali fulani, akanyamazishwa.

Kitasa akafungua mdomo. Alitaka kusema nini? Hata yeye hakujua. Pengine angesema ukweli. Pengine angeomba siku mbili. Hatutajua kamwe, kwa sababu mama yake alimtangulia.

"Ni sisi," mama akasema.

Akatoka mstarini, kikapu begani, akaenda kusimama mbele ya Mwenyekiti. Akina mama nyuma yake wakashusha pumzi ya kilio.

"Shikamoo, Mwenyekiti," mama akasema.

"Marahaba."

"Vitasa tumeng'oa sisi. Vioo tumetoa sisi. Kwa bisibisi zetu. Sikatai."

"Unajua sharti la mpangaji, mama?"

"Nalijua. Mpangaji akiharibu, harudi. Lakini sharti halisemi mpangaji akiagizwa."

Mwenyekiti akamsogelea.

"Mliagizwa na nani?"

Mama hakugeuka. Alinyoosha mkono tu nyuma yake, ule wenye baridi yabisi, vidole vimepinda.

"Na mwenye mamlaka. Afisa wenu. Binti yangu."

Loo!

Kitasa alitazama mgongo wa mama yake, ule mgongo aliobebwa akiwa mchanga, akangoja ugeuke. Haukugeuka.

"Alitwambia ving'olewe vikasafishwe," mama akaendelea, sauti haijayumba. "Sisi ni wapangaji tu. Mtu wa Bodi akikwambia ng'oa, unang'oa. Utabishana naye?"

"Ndiyo!" akapiga kelele Mama Pacha, ambaye alikuwa amekwisha kuelewa. "Alituagiza! Mimi nilikuwepo!"

"Hata mimi!"

"Hata mimi alinipa bisibisi!"

Wakashuhudia wote. Wanawake waliomfundisha kutembea, waliompa maji alipotoka shule, wakamshuhudia mmoja baada ya mwingine, na kila aliyesema aliangalia pembeni.

Mwenyekiti akamwendea Kitasa, mkongojo ukigonga ardhi.

"Binti. Ni kweli?"

Kitasa alimwendea mama yake. Walisimama uso kwa uso, karibu kabisa, na waliyosemezana hakuna mwingine aliyeyasikia ila wao, na sasa wewe.

"Umeniuza, mama."

"Wewe una kisomo. Utapata kazi nyingine." Midomo ya mama ilisogea kidogo tu. "Sisi tutapata wapi nyumba nyingine?"

"Nitafungwa."

"Nitakuletea chakula."

Kitasa akacheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kikavu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mlinzi pia. Mama yake alikuwa mtu wa kuwalisha aliowaangamiza.

Lakini akazitazama familia zile. Akamtazama Mama Pacha na mapacha wake, na wale wazee wa mabanda ya bati waliokuwa wakipika, kulala na kuugua kwenye chumba kimoja kwa sababu yeye, Kitasa, aliwaahidi kuwa ni kwa muda tu. Akaona kwamba hesabu ya mama ilikuwa chungu lakini ilikuwa sahihi. Mmoja kwa wote.

Akageuka.

"Ni kweli, Mwenyekiti. Niliwaagiza mimi."

Akina mama wakaanza kulia, wengine kwa furaha na wengine kwa aibu, na nyuso za namna zote mbili zilifanana. Kitasa akaunyoosha mgongo. Alimtafuta Injinia kwa macho. Alitaka kuiona ghadhabu yake. Angalau hicho, alijiambia, angalau nimemwangushia karata zake.

Injinia alikuwa anapiga makofi.

Polepole, kiganja kwa kiganja, kama mtu aliyefurahishwa na mchezo wa watoto wa shule.

Na Mwenyekiti alikuwa amekalia ukingo wa kisima cha kale, mkongojo umemlalia mapajani, uso umemsinyaa.

"Binti," akasema, "unajua ulichokisema?"

"Najua. Nifukuzeni. Nishitakini."

"Laiti ingekuwa hilo tu." Bibi yule akafuta miwani yake, akaivaa, akaivua tena. "Vitu vikiibwa, mkandarasi hutengeneza vingine mfano wake, na nyumba zinabaki chini ya ulinzi wetu. Lakini vikiondolewa kwa amri ya afisa wa Bodi, maana yake ni Bodi yenyewe imetamka kwamba hapa hakuna tena cha kuhifadhi. Umetamka mbele ya askari, mbele ya mashahidi wote hawa. Na mashahidi wamekuunga mkono."

"Sijaelewa."

"Ulinzi umeondoka, binti. Umeondoka hapa hapa, sasa hivi. Haya si majengo ya kale tena. Ni matofali."

Injinia akaacha kupiga makofi. "Na matofali," akasema, "hayahitaji ruhusa ya Bodi kuvunjwa. Asante, Mwenyekiti. Kibali cha mnara wangu wa maghorofa kilikuwa kinasubiri neno hilo tu."

"Mnara?" Kitasa akasema. "Lakini nyumba umeziuza. Mwanamke aliyepima mapazia..."

"Nani anunue magofu haya, mpenzi?" Alisogea, akashusha sauti, kana kwamba kwa upole. "Mimi nilitaka kiwanja tangu mwanzo. Nyumba ndizo zilizokuwa njiani, na wewe na vitasa vyako ndio mliozikalia. Ningegusa hata skrubu moja ningepelekwa jela. Ilibidi wang'oe wenyewe. Sasa, mtu anang'oaje nyumba yake mwenyewe? Mwoneshe mgeni anayeipenda. Na nilijua mama yako akikamatwa, kosa utajitwisha wewe."

Kule getini, gari lake lilikuwa limefunguliwa mlango. Mwanamke kijana alikuwa ameshuka, amevaa kofia ngumu, amebeba michoro ya Injinia kwapani.

"Huyo!" mama akapiga ukelele. "Ndiye huyo! Mwenye mapazia!"

"Karani wangu," Injinia akasema. "Ana kipaji, sivyo? Alinisifia sana chai yako, mama."

Mama akajiziba mdomo kwa mkono wake uliopinda. Kikapu kikamtoka begani. Vitunguu vikatawanyika uwanjani, na kati yake kitasa kimoja cha shaba, cha mwisho, kikang'aa juani bila mtu wa kukiinamia.

Injinia hakumtazama tena. Aliinua mkono kuelekea getini.

Tingatinga likaingia.

Lilikuwa jipya, la njano, minyororo yake ikivivunja vigae vya njia kama mtu anavyotafuna barafu. Watu wakapisha. Nani asipishe?

"Wenye jengo la nne mna muda wa kuhama, mimi si mnyama," Injinia akatangaza. "Leo tunaanza na stoo. Dereva! Kile chumba cha kufulia!"

Stoo! Milango yote ambayo bado haijapachikwa ilikuwa humo, milango ya majengo matatu, imesuguliwa, imepakwa mafuta, imeegemezwa ukutani ikisubiri kurudi kwenye nyumba zake. Kitasa akakimbilia kwa Mwenyekiti. "Mwenyekiti, zuia! Sema neno!"

"Neno limekwisha kusemwa," bibi yule akajibu. "Umelisema wewe."

Kitasa akakimbilia kwa askari. Askari alitazama saa yake.

Akageuka, na ndipo alipomwona mama yake.

Mama alikuwa ameshafika stoo. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu mkono huku na mkono huku, kitambaa cha kichwa kimemlegea, amelitazama tingatinga likija. Hakupiga kelele. Hakuita mtu.

"Mama, toka hapo!"

"Mimi ndiye niliyevunja," mama akasema. "Wacha nivunjwe navyo."

Tingatinga likakaribia. Koleo lake likainuka mpaka kifuani kwake. Mama Pacha akafunika macho ya wanawe.

Kisha likasimama.

Dereva alizima mngurumo, akainama mbele kwenye kioo, akatazama chini kana kwamba haamini. Akavua kofia yake ngumu. Akavua na miwani ya vumbi.

Kitasa aliuona uso ule akautambua. Ulikuwa umenenepa, una kovu jipya shavuni, lakini pua ile ilikuwa ya marehemu baba yao. Kaka yake. Kifungua mimba wa nyumba ile, aliyeondoka baada ya msiba bila kuaga, ambaye mama kwa miaka yote amekuwa akiwaambia majirani kwamba yuko ng'ambo, ana kazi ya ofisini, na mambo yake mazuri sana.

Akina mama wa jengo la nne walimtambua vilevile. Walimtazama mama, wakatazama chini.

Yeye alibaki juu ya kiti cha tingatinga, mkono mmoja bado umeshika usukani.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama hakuitikia.

Injinia akapiga mluzi. "Dereva! Nani amekwambia usimame?"

Na injini ikanguruma tena.